Mkeka wa Mkono wa Kushoto

Tangu nistaafu, vijana wa kazini wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza mambo madogo madogo: ukungu wa ngozi unatolewaje, ile brashi laini ilinunuliwa wapi, mbona kabati la pili halifungi. La kabati nawajibu hapa hapa: halijawahi kufunga, lisukumeni kwa goti. Hayo mengine nimeona niyaandike, ili simu zipungue nami nipate kulala mchana kama wastaafu wengine. Ya vyeo siyaandiki. Vilikuja vilivyopenda vyenyewe, na kila kilipokuja kilinikalisha mezani zaidi na kunitenga na vitu nilivyovipenda.

Niliingia katika nyumba yetu ya makumbusho pale Chake Chake nikiwa binti, sijui lolote la sanaa. Mimi nilidhani sanaa ni picha ya kuchora iliyotiwa fremu, na kwetu Pemba sikuwa nimeziona nyingi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Faki, mtunzaji wa vitu, ambaye kabla ya hapo alikuwa fundi wa kuchonga milango mpaka macho yakaanza kumsumbua. Alikuwa mrefu, hana haraka, na kofia yake ilikuwa safi kuliko kitu chochote kilichokuwamo ndani ya nyumba ile. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kigoda nikalie. Kisha akaniwekea mbele mbuzi ya kukunia nazi.

"Itazame," akasema. "Nitarudi."

Nikaitazama. Ilikuwa mbuzi kama ya mama yangu. Aliporudi akaniuliza nimeona nini, nikamwambia nimeona mbuzi. Akasema, "Basi endelea," akaondoka tena. Nilikasirika, nusura nirudi nyumbani. Lakini mtu akikalishwa mbele ya kitu kimoja muda mrefu, hata akiwa na hasira macho yake hayakai bure. Nikaona kwamba ubao umelika upande mmoja, maana yake mwanamke aliyeikalia alikuwa akiegemea kulia, labda kwa kuwa na mtoto mgongoni au kwa kuumwa nyonga. Nikaona chuma kimewahi kung'oka kikapigiliwa upya. Mwisho nikaigeuza, na chini ya ubao, mahali ambapo hapana mtu angepaona, nikakuta ua limechongwa, petali zake laini kama limefanywa jana.

Mzee Faki aliporudi hakuniuliza tena. Aliniona usoni.

"Kwa nini achonge huku chini?" nikamuuliza mimi.

"Na wewe kwa nini unapaka hina nyayoni?" akanijibu. "Anaona nani?"

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu, na mengine yote niliyosomeshwa baadaye katika semina, pamoja na chai na sambusa zake, yalikuja kujazia tu. Alinifundisha kushika kitu kwa mikono miwili, na kuvua bangili kabla ya kukishika. Alinifundisha kumulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele, ili uchongaji ujitokeze. Alinifundisha kwamba masika ni adui kuliko mwizi, kwa kuwa mwizi huchukua kimoja akaenda zake, na unyevu hukaa ukala vyote. Kitambaa cha pamba cha zamani, kilichofuliwa mpaka kimelegea, kinashinda vitambaa vyote vya dukani. Hilo liandikeni ukutani.

Nilijifunza pia kuwasikiliza watu wanaokuja kutazama. Mgeni wa kutoka mbali, akifika mbele ya kitu, huuliza, "Hiki kina miaka mingapi?" Mpemba huuliza, "Hiki cha nani?" Nilisimama katika vyumba vile nusu ya umri wangu na ni wachache mno waliokwenda kinyume cha hayo. Swali la kwanza nilikuwa na jibu lake mara nyingi. La pili, mara nyingi sikuwa nalo. Chini ya vitu vyetu tuliandika jina la kitu, mahali kilipotoka, kisha "fundi hajulikani". Niliyazoea maneno hayo kama mtu anavyozoea ufa wa ukutani kwake.

Mzee Faki alistaafu, nami nikachukua funguo zake. Alihamia kwa mwanawe huko huko Chake, na kila wiki alikuwa akija kukaa barazani petu kunisahihisha. Ni katika miaka hiyo ndipo alipokuja Bi Mize.

Alikuja asubuhi ya siku ya soko, na buibui lake linanuka dagaa, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa wa kukausha kutoka Tumbe na alikuwa amekwisha kushusha magunia yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kubishana na wavuvi. Aliniambia waziwazi kwamba hakuja kutazama chochote. Gari ya kumrudisha Tumbe ilikuwa imeharibika, jua kali, na kwetu kulikuwa na kivuli.

Nikamkaribisha ndani. Akapita mbele ya vyungu, akapita mbele ya makasha ya njumu za shaba, akiitika "Enhe, enhe" kwa kila nililomweleza, kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu. Tukafika kwenye mkeka.

Huo mkeka mnaujua. Wakati ule ulikuwa umetandazwa ndani ya kabati la kioo karibu na dirisha la magharibi, mahali ulipowekwa kabla mimi sijaajiriwa. Ulikuwa mkubwa, umesukwa kwa ufundi, lakini rangi zake zilikuwa zimekufa kabisa. Ulibaki na rangi moja ya majani makavu. Tulikwisha kulifunga dirisha lile na kulitia pazia nzito, lakini jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Wageni wengi waliupita bila kusimama, na sikuwalaumu.

Bi Mize alisimama. Akaweka mkoba wake chini. Akainama mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Huu nkeka wa mama," akasema, kwa lafudhi ya kwao.

Nilimwambia kwa upole kwamba mikeka hufanana. Akaninyooshea kidole, si kwa hasira.

"Tizama ukili unavyolala. Mikeka yote ya kwetu ukili walala huku. Huu walala kule. Mama kasuka kwa nkono wa kushoto. Tumbe nzima alikuwa yeye peke yake."

Kwa asiyejua: ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwa majani ya mkindu, na mkeka ni tepe nyingi za ukili zilizoshonwa pamoja. Nikachukua tochi, nikamulika kutoka ubavuni kama nilivyofundishwa. Kweli, msuko wote ulikuwa umelala upande mwingine. Nilikuwa nimeutunza mkeka ule miaka yote, nikiutia dawa ya wadudu na kuupangusa kwa brashi, na leo ndiyo kwanza niliona kwamba aliyeusuka alikuwa na mkono wake.

Bi Mize alikaa chini sakafuni, palepale. Mama yake alikuwa amefariki zamani kidogo. Mikeka aliyoiacha nyumbani ilikaliwa na kulaliwa mpaka ikaisha, kama mikeka inavyotakiwa ifanyiwe. Hakubakiwa na hata kipande. Na msuko ule, ambao mama yake aliuita mwendo wa tandu, kule Tumbe ulikuwa ndio mkeka wa chumba cha bi harusi. Watu walikuwa wakimwendea yeye. Alipofariki, uliondoka naye. Wengine walijaribu kuuiga kwa kukumbuka, wakakata tamaa.

"Bintiangu anaolewa baada ya mfungo," akaniambia. "Nipe huu niuweke chumbani kwake. Siku ya harusi tu. Nitaurudisha mwenyewe kwa mikono yangu."

Vijana, hapa ndipo kazi yetu inapouma. Nilitaka kumpa. Nilijua pia kwamba siwezi. Nilikwenda kwa mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Suleiman, mtu mwema aliyependa taratibu, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kitu kikishaingia hapa hakitoki, na kwamba kesho atakuja mtu kudai kasha la babu yake. Kisha akanambia jambo ambalo sikuweza kulipinga: "Mkeka ule umekauka kama karatasi. Ukikunjwa tu upakiwe gari, utafika Tumbe vipande."

Nikarudi kumwambia Bi Mize. Alisimama, akachukua mkoba wake.

"Sawa," akasema. "Basi ukae humo. Mama kasuka watu wakalie, nyie mmeufunga kama mgonjwa wa kuambukiza."

Akaondoka. Maneno yake yaliniingia. Sikukasirika, kwa sababu hayakuwa uongo.

Mzee Faki alipokuja wiki hiyo nikamsimulia. Alikunywa kahawa yake, kisha akaniuliza, "Bwana Suleiman kasema mkeka hautoki?"

"Hautoki."

"Kasema na watu hawaingii?"

Nilimtazama. Yeye alikuwa akitazama barabara, kama mtu aliyeuliza habari za mvua.

Nilikwenda Tumbe mwenyewe. Nilimkuta Bi Mize pwani akipekua dagaa juu ya chanja ya kuanikia, na mwanzo hakutaka kunitazama. Nikamwambia, "Njoo na wasukaji wote wa kwenu. Nitaufungua mkeka, muukalie karibu, muusome mpaka muuelewe. Majani ya mkindu nitayatafuta mimi." Akaendelea kupekua dagaa. Halafu akasema, "Shangazi Hadia hapandi gari bila kutapika," nami nikajua amekubali.

Walikuja wanawake wanane wamejibana nyuma ya pikapu ya samaki, na Bi Hadia akiwa mbele pembeni mwa dereva, ameshika ndimu puani. Alikuwa dada wa baba yake Bi Mize, msukaji hodari, mdogo wa umbo, na kila mtu alimwogopa. Bwana Suleiman aliwaona wakiingia na mafungu ya majani, akafungua mdomo, Bi Hadia akamwambia, "Hujambo, mwanangu?" Bwana Suleiman akaufunga. Akasema, "Shikamoo," akaenda kutafuta viti. Viti hawakuvitaka.

Tukaondoa kioo. Mimi na mwenzangu mmoja tukaingiza mikono chini ya mkeka, tukauinua polepole juu ya shuka nyeupe, na ili kuupunguzia uzito pembeni ikabidi tuugeuze. Wanawake wote wakainama kutazama.

Upande wa chini haukuwahi kuona jua. Ulikuwa na wekundu wa damu ya mzee, na weusi wa mdaa, ile mizizi inayochemshwa kwa kutia rangi, na manjano iliyoiva. Kati ya rangi hizo tandu walikuwa wakitembea, mstari baada ya mstari, miguu yao midogo myeusi ikikanyaga juu ya wekundu, kila mmoja akimfuata mwenzake bila kupotea hata panapounganishwa ukili na ukili. Nimeona milango ya wafalme katika vitabu. Sijaona kitu kilichonifanya nimheshimu binadamu kama mkeka ule siku ile. Mwanamke mwenye nyumba ya kufagia, watoto wa kulisha na shamba la muhogo alikuwa amekaa akapanga yote yale kichwani, bila kuchora, kwa ajili ya watu watakaoweka matako juu yake.

Bi Hadia alisoma uso wa mkeka kwa vidole, macho amefumba. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mize. Huu wajua wa nini?"

"Wa harusi, shangazi."

"Huu si wa harusi ya mtu. Huu mamako kampa mkunga wa hospitali hapa Chake. Ulipozaliwa wewe ulitanguliza miguu. Watu wamekaa kusubiri maiti mbili. Yule mkunga kakutoa, kamtoa na mamako. Mamako alipopata nguvu kasuka huu, kauleta mwenyewe. Nilikuja naye. Nilitapika njia nzima."

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Kumbe mkunga alipofariki wanawe ndio walioupeleka makumbusho, na habari yake haikufuatana nao. Bi Mize alikaa ameshika tama. Alikuwa ameutazama kama mkeka wa mama yake, na sasa aliambiwa kwamba ulikuwa shukurani ya uhai wake yeye.

Kisha kazi ikaanza, na kazi ikakataa. Rangi waliziona, mpangilio waliuona, lakini kila aliyejaribu kuusuka alijikwaa. Ilibidi augeuze kila mwendo kichwani, kulia iwe kushoto, juu ibaki juu, na akifika mbele kidogo vidole vinarudia mazoea. Bi Hadia alifumua, akaanza, akafumua tena. "Nikitizama naona," akasema, akautupa ukili chini, "nikisuka napotea."

Bi Mize alikuwa pembeni akiwachagulia majani. Yeye hakuwa msukaji. Nilimwuliza siku nyingine kwa nini, akaniambia kwamba alipokuwa mdogo alisuka kwa kushoto kama mama yake, chuoni kwa mwalimu wa Kurani akapigwa mkono ule kwa sababu ya kuandikia, mashangazi wakamcheka, akaamua bora dagaa, dagaa hajali mkono. Sasa aliuokota ukili uliotupwa. Akauweka juu ya goti, akatazama mkeka, akatazama vidole vyake, akaanza. Alikuwa mzito. Alikosea, akafumua, akaanza tena. Lakini hakuwa na la kugeuza kichwani. Mkono wake ulikwenda ulikotaka kwenda. Baada ya muda, kwenye utepe mwembamba uliokuwa ukitoka mikononi mwake, tukaona kichwa cha tandu, halafu miguu.

"Astaghfirullah," akasema mmoja wa wanawake kwa sauti ndogo. "Mamake huyo, Bi Kaje mwenyewe."

Bi Hadia alimtazama sana. Kisha kile kizee, ambacho nadhani ndicho kilichocheka zaidi zamani, kikajikokota kikaja kukaa mbele yake, uso kwa uso, magoti yakigusana. "Suka polepole," akamwambia. "Nami nikufuate." Na kwa kuwa walitazamana kama mtu na kioo chake, kushoto kwa Bi Mize kukawa kulia kwa Bi Hadia, na mikono yake ikaenda bila kupotea. Wengine wakasogea, kila mmoja akamkalia mwenzake mbele. Mpaka adhuhuri chumba kile kilikuwa na tandu kila pembe, wa kulia na wa kushoto. Bwana Suleiman alisimama mlangoni ameshika sinia la chai, amesahau kuigawa.

Walirudi tena mara kadhaa. Katika siku hizo tuligombania kibao cha maelezo, maana sasa fundi alijulikana. Bi Mize alitaka jina la mama yake liandikwe kamili, Khadija na jina la baba yake. Bi Hadia akasema hakuna mtu duniani atakayemjua kwa Khadija, aandikwe Bi Kaje. Mimi nilikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Nikaagiza kibao kikubwa zaidi, na mtaona kwamba ndicho kibao pekee mle ndani kisicholingana na vingine. Msikibadilishe. Mkeka wenyewe tuliurudisha ukiwa umegeuzwa, rangi juu, mbali na dirisha, na kila mwaka mnajua mwezi wa kuulaza gizani upumzike.

Kuanzia hapo nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Kila kitu chenye "hajulikani" nilikichukulia kama deni la kumtafuta mtu. Nilipita Msuka, nilipita Wete, nikionyesha picha katika simu barazani na visimani. Mara nyingi sikupata kitu isipokuwa chai. Lakini tulipata mwenye kasha moja, tukapata na ukoo wa mfinyanzi, na watu wakaanza kuja kwetu kwa makusudi, si kwa kuharibikiwa na gari. Mzee Faki aliwahi kuona mengi ya hayo kabla hajafa, Mungu amrehemu. Hakunisifu. Alisema tu kwamba tochi yangu inahitaji betri mpya.

Harusi ya binti wa Bi Mize ilikuwa Tumbe, na mimi nilialikwa kama ndugu. Mkeka mpya ulikuwa umekamilika jana yake, wamekesha kwa zamu kuushona kwa shazia, zile sindano zao kubwa. Ulikuwa umetandikwa chumbani kwa bi harusi, wekundu wake mbichi bado unanuka rangi. Ukiutazama vizuri, sehemu za Bi Mize na sehemu za Bi Hadia zilikuwa zikikutana katikati, tandu wa huku na tandu wa kule wameelekeana. Bi Kaje hakuwahi kusuka hivyo. Wakasema watauacha, umependeza. Nami nilikubali umependeza.

Tukaingia wanawake watu wazima, tukavua viatu, masinia ya pilau yakawekwa katikati yetu, juu ya mkeka. Mtoto mmoja akapita na bakuli la mchuzi, akajikwaa kwenye ukingo, mchuzi ukamwagika juu ya tandu wawili. Kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimepiga magoti, kitambaa cha pamba mkononi, napangusa kufuata mwelekeo wa ukili kama ilivyo taratibu, bangili nimekwisha kuzivua.

Chumba kizima kilikuwa kikinitazama. Bi Mize ndiye aliyenishika bega, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Bi Raya," akasema, "kaa ule. Huu hauna mlinzi."

Nikakaa. Doa lilibaki, ukubwa wa kiganja. Mwaka uliofuata nilipokwenda kumwona mtoto wa yule bi harusi, walinionyesha mtoto kwanza, halafu doa.